Mgongo wa Germaine

Kila asubuhi, kabla ya kusoma, watoto ishirini wa mwalimu Donatien walishuka ukingoni mwa mto Lualaba kuchota udongo na kufyatua matofali ya darasa jipya. Jumatatu moja walikuta mstari mzima wa matofali mabichi umevurugwa.

"Nani?" mwalimu akanguruma. "Nikirudi bila kupewa jina, kila mmoja fimbo nne! Mkinipa jina, huyo peke yake kumi!" Akaenda kugonga kengele.

Clémentine, bingwa wa hesabu, akanong'ona haraka: "Nne mara ishirini ni themanini. Akitajwa mmoja, atapigwa kumi tu. Tumtaje Germaine. Yeye halii."

"Kweli, huyo ana ngozi ya mamba!" wengine wakacheka.

Mwalimu aliporudi wakamtaja Germaine, naye alisema "Si mimi!" mpaka sauti ikamkauka. Akapigwa kumi. Hakulia, alimkazia Clémentine macho tu, bila kupepesa.

Nyumbani, Clémentine alimsimulia bibi yake, Koko Emerance, aliyekuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo. Alingoja sifa.

"Kitendawili," bibi akasema, uso umekunjamana.

"Tega, Koko."

"Watu kumi na tisa wameshiba. Hakuna aliyewinda, hakuna aliyevua."

"Wamekula... ndizi?"

"Wamemula mwenzao!" Mchi ulishuka kwa kishindo, majani yakaruka.

"Lakini Koko, maumivu yamepunguka!"

"Yamepunguka kwa nani? Wewe mutoto, ulitoa fimbo ngapi kwa mgongo wako? Ukarimu gani huo, wa mgongo wa mwenzio!"

Clémentine alilia kwa hasira. Hesabu yake ilikuwa sahihi, na bado aibu ilimchoma.

Kesho yake yeye na Koko walikwenda pamoja ukingoni. Clémentine akasimama mbele ya wote. "Mwalimu, tulisema uongo. Mimi njo nilianza. Germaine hana kosa."

Mwalimu akakamata fimbo. Lakini Koko alikuwa ameshainama penye matofali. Akainua moja lililokauka, likiwa na alama za kwato za mbuzi.

"Mutoto gani iko na kwato? Hata kutazama hukutazama! Ulitaka mkosaji, mwalimu, ama ulitaka jina?"

Donatien akaiachia fimbo. Akamwomba Germaine msamaha mbele ya darasa zima. Clémentine naye akaomba.

"Nimesikia," Germaine akajibu. "Lakini mgongo ungali unauma."

"Na uwaume ninyi wote!" Koko akawageukia wale wengine. "Hata mkipona watu elfu, uongo ni uongo. Ukitaka kuwapunguzia watu maumivu, toa mgongo wako. Wa mwenzako si wako wa kutoa."

Hakuna aliyecheka.