Dawa ya Shanice Kwenye Maji ya Kuku

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni hapa Mbololo, mimi huosha bakuli la kuku na kulijaza maji. Jumatano ile nilikuta limeshajazwa, na maji yenyewe meupe. Kando yake ilikuwa pakiti tupu ya vidonge vya mdogo wangu, Shanice.

Shanice alikuwa na nimonia. Alipewa vidonge vya kuyeyusha majini, vya siku tano. Siku ya tatu homa ilishuka, akaanza kurukaruka. Baba akaona amepona, na kwa kuwa kuku wake walikuwa wakikohoa, akawayeyushia dawa iliyobaki. Majirani wengi hufanya hivyo. Nilikasirika, lakini nikanyamaza.

Jumapili Shanice alihema kwa shida, mbavu zikibonyea. Tulimkimbiza hospitalini Voi. Daktari Khamisa aliuliza kama alimaliza dawa. Baba akajibu kwamba alimaliza yote.

Sikuamini masikio yangu. Mtoto anakosa pumzi, naye baba anaona haya kutaja kuku!

"Hakumaliza, daktari," nikasema. "Ile nyingine walipewa kuku."

Baba alinikazia macho. Sikuyarudisha maneno yangu.

Daktari alimwekea Shanice oksijeni na kumdunga dawa nyingine, yenye nguvu zaidi. Kisha akatugeukia, na hasira hakuificha.

"Baba Shanice, bakteria mmoja hujigawa wakawa wawili, wawili wakawa wanne. Akijigawa, lazima ajenge ukuta mpya katikati. Kwenye utando wake kuna protini za kujenga ukuta huo. Dawa ile huzishika protini hizo, ukuta haukamiliki, bakteria anapasuka. Wewe uliikatiza kazi. Wanyonge walikufa, sugu wakaendelea kujigawa kifuani mwa mtoto."

"Sikujua," baba akasema.

"Kutojua nakusamehe. Lakini kwa uongo wako ningetafuta ugonjwa mwingine, na huenda tungempoteza."

Baba aliinamisha kichwa.

Shanice alilazwa wiki nzima. Siku ya kutoka, baba alinivuta kando ya lango.

"Dawa humalizwa hata mtu akipona," alisema polepole, "na daktari huambiwa ukweli. Ulinitia aibu, mwanangu. Asante."

Niliitikia kwa kichwa. Hasira yangu kwake ilikuwa imekwisha. Iliyobaki ilikuwa juu yangu mwenyewe, kwa siku zote nne nilizonyamaza.