Nyama ya Emilian

Kila siku mchana, kengele ya chakula ikilia katika shule yetu huku Ipuli, mimi na mwanafunzi mwenzangu Emilian tulikuwa tunakwenda nyuma ya stoo ya michezo kubadilishana chakula. Mimi nilimpa makande ya mama, mahindi na kunde vilivyoungwa kwa karanga. Yeye alinipa nyama. Hata sasa nikilitaja neno hilo mate yananijaa mdomoni, na si ya hamu.

Siku hizo nilikuwa natafuta nguvu. Mwalimu Recheli, mwalimu wetu wa michezo, alikuwa na chuma cha mazoezi, bomba lenye kopo la saruji kila upande. Msichana atakayekinyanyua mara kumi siku ya Ijumaa ndiye angekwenda kutupa tufe kwenye mashindano ya wilaya. Mimi nilikwama kwenye nane. Emilian, mwenye mikono minene kuliko wavulana wote wa darasa la sita, alifika kumi na tano bila kuhema.

"Tatizo lako ni makande, Gaudensia," aliniambia mwezi mmoja kabla. "Kunde hazijengi msuli. Mtu wa vyuma anakula nyama. Nakuonea huruma tu, lete hayo makande uchukue hii."

Nikamwamini. Nyama ya wiki ile ya mwisho ilipikwa kwao Jumapili. Aliitia kwenye kopo la siagi, akalisokomeza katika begi la michezo, chini ya soksi zake. Jumatatu ililika. Jumanne ilianza kuteleza. Alhamisi, siku moja kabla ya jaribio la chuma, katika joto la Oktoba, alipofungua kopo nilipigwa na harufu ya soksi na ya kitu kingine kibaya zaidi. Mchuzi ulivutika kama kamasi, na uzi wa soksi ulikuwa umenata kwenye mfupa.

"Hii imeoza," nikasema.

"Imekolea," akajibu, huku anatafuna makande yangu. "Tufe unalitaka au hulitaki?"

Nikautoa ule uzi, nikaziba pua, nikameza. Kinyaa kilinipanda mpaka masikioni, lakini nilimeza.

Saa kumi jioni nilianza kuharisha. Nilikimbilia chooni mara tano, kisha nikatapika kwenye beseni mbele ya mama.

"Umekula nini mwanangu?"

"Makande yako, Mama."

Mama akachungulia ndani ya beseni. "Haya si makande. Nimeyapika mwenyewe, nayajua."

Niliona aibu kuliko nilivyoumwa. Nikamweleza yote.

"Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," alisema. "Kitu kizuri ungebembelezwa ukichukue?"

Asubuhi alinipeleka zahanati. Tuliporudi, Ijumaa yote iliyobaki nilikuwa kitandani nakunywa maji ya chumvichumvi, nalia kwa sababu ya tufe.

Jumatatu mama alinisindikiza shuleni. Alimweleza Mwalimu Recheli yote, naye akamwita Emilian.

"Mwezi mzima mchana ulikuwa unakula nini?"

"Makande, Mwalimu."

"Na unanyanyua mara ngapi?"

"Kumi na tano."

"Mbona nyama yako hukuila mwenyewe?"

Emilian aliangalia viatu vyake. "Ilikuwa inanuka, Mwalimu."

Nilitamani nimtapikie palepale. Aliniomba radhi, na Mwalimu akampa kazi ya kufua jezi zote za timu pamoja na lile begi lake.

Bahati yangu ni kwamba Ijumaa hakuna msichana aliyefika kumi. Mwalimu alirudia jaribio baada ya wiki tatu. Wiki hizo nilifanya mazoezi kila jioni, na makande nilikula mpaka nikakwangua kopo. Emilian alikuja na kijiko chake mara moja tu, nikamfukuza.

Siku ilipofika nilinyanyua chuma. Nane. Tisa. Kumi.

Mwalimu Recheli aliandika jina langu, kisha akatugeukia sote.

"Kunde na karanga zinajenga mwili. Nyama nayo inajenga, ikiwa safi na imepikwa vizuri. Iliyooza haimjengi mtu, hata kama anayeisifu ana misuli. Gaudensia, pua yako ilikwambia ukweli mapema. Siku nyingine usiizibe."