Koti la Lubugo

Kokugonza alipiga picha arobaini na nane. Simu ikaonyesha hamsini na moja.

Alicheka. Mtu mwenye digrii hatishwi na simu. Kazi yenyewe ilikuwa ya kitoto kidogo, ingawa yeye aliiita sanaa: mwanasesere wa shibiri moja, waya ndani, pamba na soksi juu yake, uso mweupe na macho ya wanja mzito kama waigizaji wa sinema za kimya za miaka mia iliyopita. Ukimkunja mkono, unabaki hivyo hivyo. Unampiga picha, unamsogeza kidogo, unampiga tena. Ukizipitisha haraka anatembea kwa kushtukashtuka kama wale wa kale. Kizuri kuliko vyote kilikuwa koti lake la kahawia. Lilinukia moshi.

Katika zile picha tatu za ziada, mwanasesere aliinama, akalivuta koti, akajifunika miguu.

Kicheko kikaisha. Koti lile lilikuwa lubugo, nguo ya gome la mti ambayo Bibi Prudencia aliiweka chini ya kitanda miaka ishirini, azikiwe nayo kama Wahaya wenzake wa zamani. Koku alikuwa amekata kipande tu, cha koti la mwanasesere. Wiki tatu baadaye Bibi akafariki, na walipomvisha, nyayo zikabaki nje.

"Nani amekata?" Renatha, mama yake Koku, aliuliza.

Macho yote yalimwendea Bernadeta, aliyemuuguza Bibi miaka minne. "Mama, naapa, sijaigusa," alisema. Koku alitazama sakafu, akaitazama sana. Jioni ile Bernadeta alifukuzwa, akaondoka nyumbani kwao pale Buswelu na mfuko mmoja.

Kesho yake, baada ya zile picha tatu, za ziada zilikuwa tisa. Keshokutwa hazikuhesabika, na mchana kweupe, majirani wakicheka nje, Koku alisikia waya ukijikunja ndani ya kabati, kri, kri, na harufu ya moshi ikapita chini ya mlango, ikamfuata jikoni, ikamfuata bafuni, ikalala naye kwenye mto, mpaka akajikuta ameshuka Usagara kwa mganga ambaye yeye mwenyewe Koku aliwahi kumcheka mbele za watu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umesoma?" Mzee Mashimba alimuuliza.

"Chuo kikuu, mzee."

"Ndiyo maana umechelewa." Alimgeuza mwanasesere, akamweka chini haraka. "Hili ni jini, limeingia kwa mlango uliouacha wazi wewe. Rudisha nguo kaburini. Kisha mbele ya mama yako umtaje uliyemsingizia, ukamrudishe."

"Sikumsingizia. Nilinyamaza tu."

"Haya. Mwambie jini hivyo."

Koku alilifukia koti kaburini, nyuma ya nyumba. La Bernadeta aliliacha hadi wiki ijayo. Wiki ikapita, kimya, na wiki nyingine.

Jumapili baada ya kanisa, Mama alijinyoosha kwenye kochi. "Koku, hii shuka imekuwa fupi. Miguu yangu inaganda."

Shuka ilikuwa ikiburuzika sakafuni. Koku akamfunika. Nyayo zikatoka. Akamfunika tena, zikatoka, za baridi kama samaki wa jana.

"Mama," alinong'ona, "ile lubugo nilikata mimi."

Kichwa cha Mama kiligeuka, si kwa mara moja: kidogo, kikasimama, kidogo tena, kikasimama, kama picha zinazopitishwa na mkono usio na haraka. Moshi ukajaa sebule. Sauti iliyotoka ilikuwa ya Bibi.

"Nguo imefika. Bernadeta yuko wapi?"

Juu ya kabati, kri, mwanasesere aliye uchi alinyoosha mkono kuelekea barabarani.

Koku alinyakua simu, akaandika B, e, r. Hakikutokea kitu. Miaka minne chini ya paa moja, na hakuwahi kuihifadhi namba yake.