Mto Usiokuwamo Kitabuni

Waridi alimfahamu Sadallah kwa hasara ya vitumbua. Siku hiyo malori ya Kilosa yalikuwa yameingia Ifakara kwa mkupuo, wapagazi wanagombania magunia, vumbi limetanda sokoni, naye anakatiza katikati na sinia lake kichwani. Kijana mmoja mrefu, shati jeupe limepigwa pasi vizuri, alikuwa anakuja huku anasoma kitabu. Anatembea, anasoma! Wakagongana, na vitumbua vyote vikaishia mchangani.

"Wewe, huna macho?"

"Ninayo, dada, ila yalikuwa kwenye maiti. Mtu kauawa chumbani na mlango umefungwa kwa ndani. Unadhani nani kamuua?"

"Nitajuaje mimi? Endelea kunikodolea macho hivyo, utakuwa maiti ya pili."

Kijana akacheka. Waridi alijitahidi asicheke, akashindwa.

Sadallah alikuwa karani wa mpunga, mgeni, hana ndugu mjini. Kitabu chake kiliitwa Mgeni wa Chumba cha Saba, na wakati ule kila ajuaye kusoma alikuwa anakiazima kwa foleni. Waridi naye alikuwa msomaji, tena mzuri, lakini wa herufi za Kiarabu tu, zile alizofundishwa chuoni pamoja na Kurani. Barua ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi hizo aliisoma kama maji. Herufi za Kizungu hakuijua hata moja. Basi Sadallah akaomba ruhusa kwa Shangazi Asmahani, aliyemlea Waridi, awe anakuja kuwasomea barazani baada ya alasiri.

"Njoo," alisema Shangazi, "lakini na mimi nitakuwapo."

Na kweli alikuwapo. Aliketi katikati yao na ungo wa mchele mapajani, habanduki. Sadallah alisoma, Shangazi alipeta, Waridi alishona kofia. Wakapendana hivyo hivyo, juu ya ungo, bila kugusana hata kidole.

"Leo Rukia kavaa nini?" Waridi aliuliza kila mara, maana Rukia ndiye mwanamke wa kwenye kitabu, na Inspekta Farhani alikuwa amemzimikia.

"Kavaa kanga nyekundu," alijibu Sadallah, akiitazama kanga nyekundu ya Waridi.

"Juzi ulisema gauni."

"Amebadilisha. Mwanamke habadilishi nguo?"

"Soma, baba," Shangazi alikatiza. "Habari ya nguo haimkamati muuaji."

Siku ya kumaliza ilifika mwishoni mwa kiangazi. Sadallah alisoma polepole kuliko siku zote, na sauti ilikuwa inamkauka. Alisema Farhani kaacha kazi, kavuka mto kwenda kuanza maisha upande wa pili. Kabla ya kuvuka alimwambia Rukia: nitakungoja masika mbili zipite. Ukinitaka, tundika kanga yako nyekundu kwenye nguzo ya kivuko. Nitaiona, nitakuja kwa wazee wako.

"Halafu?" aliuliza Waridi.

"Halafu basi. Kitabu kimeishia hapo. Wewe ungefanyaje?"

Shangazi aliinua uso. Waridi aliona haya, na haya yake siku zote ilitokea kwa mlango wa mzaha. Akacheka kwa sauti. "Rukia hawezi! Mtoto wa watu amfuate mtu mwenye sanduku moja? Ana wazimu?"

Sadallah alikifunga kitabu, akakiweka juu ya ungo. "Kitunze," alisema. "Mimi nimeshakimaliza." Wiki ile ile akaacha kazi, akavuka mto kwenda Mahenge, bila kuaga.

Waridi alilia mpaka akachoka, kisha akakasirika, kwa sababu hasira haiumi sana. Alijiambia kwamba kijana yule alikuwa anapitisha muda tu. Masika ya kwanza ilikuja, mto ukafurika, ikapita. Alasiri zilikuwa ndefu. Barazani palibaki yeye, Shangazi na sauti ya mchele, na mara nyingine alikifungua kile kitabu, akapitisha kidole juu ya herufi asizozijua, akakirudisha sandukuni. Upweke wake haukuwa na mtu wa kumwambia, kwa kuwa rasmi hapakuwa na lolote lililotokea. Masika ya pili nayo ikapita.

Mwaka ule wa hamsini na saba, Muhidin wa Kiberege, mwenye duka, mjane, mtu mpole asiye na kasoro, alileta posa. Shangazi aliahidi kumjibu Ijumaa.

"Mwanangu, umri haukungoji," alisema.

"Sawa, Shangazi," alisema Waridi, na moyoni hakusikia kitu.

Jumatano gari la sinema likaingia mjini. Likatangaza kwa kipaza sauti kuwa kile kitabu maarufu kimetengenezewa filamu. Waliziba madirisha ya ghala moja la mpunga kwa magunia, wakatundika shuka jeupe ukutani, jenereta ikanguruma nje, na saa tisa mchana ndani mkawa giza. Waridi alikwenda na jirani yake Digna, mwalimu wa shule ya misheni, aliyekisoma kitabu kile mara tatu. Walikaa juu ya magunia, makapi yanawawasha miguu.

Watu walipiga kelele mlango wa chumba cha saba ulipovunjwa. Walimzomea mwenye hoteli. Waridi hakupiga kelele. Kila neno la Farhani alilisikia kwa sauti ya Sadallah. Rukia alipotokea, alikuwa na gauni, mwanzo mpaka mwisho. Kisha Farhani alimshika mkono kwenye stesheni ya treni, akamfunga pingu. Rukia ndiye aliyeua! Ghala zima lilisimama kwa vifijo, na shuka likabaki jeupe.

"Imeisha?" Waridi aliuliza. "Mbona wamekata? Mto uko wapi?"

"Mto gani?"

"Anaovuka Farhani. Anamwambia atamngoja masika mbili. Kanga, Digna, kanga kwenye nguzo!"

"Shoga, una homa? Kitabu kile hakina mto. Kinaisha vile vile ulivyoona, pingu na treni."

Waridi alikaa tena juu ya gunia. Watu walitoka wote, magunia yakateremshwa madirishani, mwanga ukaingia, naye bado amekaa. Ule wa Sadallah haukuwa mwisho wa kitabu. Ilikuwa posa, imesomwa mbele ya Shangazi na kurasa zikiwa wazi, na yeye aliicheka.

Asubuhi ya Alhamisi alijitanda kanga nyekundu, iliyokwisha kupauka, akaenda Kivukoni kwa miguu. Pantoni ilikuwa upande huu. Mzee Apolinari, mwenye kuikamata kamba ya kuivusha, alikuwa anakula muhogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unavuka?"

"Sivuki. Nataka kutundika nguo kwenye nguzo yako."

Mzee aliacha kutafuna. "Basi ni wewe," alisema. "Kuna kijana mrefu alikuja maji yalipopungua, mwezi wa sita mwaka huu. Alikaa hapa siku tatu anaitazama nguzo hii. Nilimuuliza anatafuta nini, akasema kanga. Nikamwambia hapa hakuna anayeanika nguo."

"Akaenda wapi?"

"Alirudi Mahenge. Huko mbele sijui."

Waridi alilia waziwazi, bila kujifunika, na mzee akageuza uso kuuangalia mto. Alipomaliza, alivua kanga ya juu, akabaki na gauni na mtandio, akaifunga nguzoni mafundo matatu. Upepo uliivuta upande wa pili.

"Kesho nitamjibu mtu wa Kiberege kwamba haiwezekani," alisema, kama kwamba mzee alikuwa ameuliza.

"Na hii niiondoe lini, mwanangu? Itachakaa na jua."

"Ikichakaa nitaleta nyingine. Usiiondoe, baba, mpaka masika mbili zipite."