Marashi ya Chemchemi

Sikudhani aliikumbuka vizuri chupa ile ya marashi yake mapya. Jana jioni aliiacha nusu, kifuniko amekikaza mwenyewe. Asubuhi alipofungua kibanda chake cha manukato hapo Newala, aliikuta imejaa hadi shingoni. Aliitazama kitambo, akajiambia uzee umeanza kumwingia, akashika ufagio.

Alikuwa mjane. Mwanawe pekee, Haji, alikuwa Mtwara mwaka wa tatu na hakuwa ameleta hata salamu. Miaka mingi alijitunza kwa manukato ya udi na msandali aliyoyatengeneza kwa mikono yake, mpaka biashara ya nje ilipofunguliwa na maduka yakajaa marashi ya Dubai, yenye harufu ya peremende. Wateja wakahama. Zikaja siku ambazo hakufungua kinywa isipokuwa kumwitikia jirani yake Josephina, mke wa dereva wa lori la korosho, anapopita kumpa shikamoo.

Ndipo alipowaza kutafuta harufu ambayo Dubai haina. Aliteremka bondeni kwa njia ambayo wanawake waliifuata na mitungi zamani, kabla maji ya bomba hayajapandishwa juu. Njia ilikuwa imeota majani. Chini kabisa aliikuta chemchemi, imefunikwa na miti hata jua halifiki. Alichimba udongo mweusi, akabandua ukoga wa mawe, akaokota mizizi na majani yaliyooza, akaviroweka vyote katika mafuta ya msandali kwa siku arobaini.

Marashi yale hayakunukia ua lolote. Yalinukia kiza cha chini ya miti, na jiwe lililolala majini, na udongo ambao haujawahi kukauka. Wanawake waliyanusa tena na tena. Mmoja alisema hivyo ndivyo mama yake alivyonukia alipotua mtungi. Alirudi na dada zake, nao wakaja na wenzao. Sikudhani akapata tena watu wa kukaa nao barazani, na kwa ajili hiyo hakutaka kujiuliza sana habari za chupa isiyopungua.

Ilikuwa Septemba, mchanga umekauka kama majivu, lakini sakafu ya nyumba yake ililowa. Alikausha, ikalowa tena. Kisha kila adhuhuri, alipokuwa akila peke yake, alisikia nyuma ya pazia mtu akishusha pumzi, pumzi ndefu ya mtu aliyetua mzigo, na baada yake matone, moja, jingine, jingine, mpaka alipojikaza akalivuta pazia akakuta ukuta tu, umeloa mpaka kimo cha mtu, na harufu ya bondeni imemjaa kooni kama maji.

Hakumwambia mtu. Aliogopa wateja watakimbia.

Wiki ile Josephina alipotea. Alikuwa amejipaka marashi yale akienda kanisani, na hakufika. Walimkuta chemchemini mchana kweupe, ameketi majini mpaka shingoni, midomo ya kijivu, anazungumza na mtu wasiyemwona. Walipomrudisha nyumbani alikuwa akirudia jambo moja tu: kwamba kuna mtu chemchemini anayeuliza kwa nini aliachwa.

Sikudhani alikiri yote. Mume wa Josephina hakumlaumu. Alikwenda Chilangala kumleta Bibi Mwanakombo, mganga aliyewahi kuchota maji bondeni enzi za usichana wake. Bibi alifukiza ubani, akamfunika Josephina shuka, akauliza kwa upole ni nani aliyekuja.

Sauti iliyotoka chini ya shuka haikuwa ya Josephina. Ilikuwa ya mwanamke, na ilikuwa na baridi.

"Walikuwa wakija kila siku. Wakiimba. Nilijua majina yao."

"Unataka nini?" Bibi aliuliza.

"Huyu mwenye duka alikuja. Nikadhani wamerudi."

Bibi Mwanakombo aliongeza ubani kwenye moto. Kisha aliagiza kila kilichotoka bondeni kirudi bondeni. Sikudhani alipita nyumba kwa nyumba akiomba chupa zake, akashuka nazo, akazimwaga pamoja na udongo na mizizi huku Bibi akisoma dua. Jioni hiyo Josephina aliomba uji. Sakafu ya Sikudhani ilikauka, na haikulowa tena.

Wateja nao hawakuja tena. Walipopita mbele ya kibanda walivuka upande wa pili wa barabara. Sikudhani alikula adhuhuri ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, akisikiliza pazia. Hapakuwa na pumzi. Hapakuwa na kitu.

Siku ya nne alichukua ndoo akapita mbele ya Josephina, akamwambia anakwenda kuteka maji.

"Mama Haji, bomba lina maji leo," Josephina alisema.

"Najua, mwanangu."

Josephina alikwenda kukaa mlangoni pa Sikudhani akimngojea, moyo haujatulia. Jua lilipoanza kuinama alisikia nyayo zikipanda njiani, na kicheko cha Sikudhani, kicheko ambacho hakuwahi kukisikia tangu ahamie pale. Alisimama. Aliyeonekana alikuwa Sikudhani peke yake, ndoo kichwani, lakini nyayo zilikuwa za watu wawili, na mchanga mkavu kando yake ulikuwa ukilowa hatua kwa hatua.

Sikudhani alifika mlangoni pake, akageuka, akatabasamu kama mwenyeji.

"Josephina," alisema taratibu, "mpishe apite."