Chupa Isiyokuwa na Vumbi

Saa mbili asubuhi Seremala hufungua karakana yake. Hufagia, hunoa patasi, huwasha redio kwa sauti ndogo. Kisha hupiga randa mpaka mchana. Vumbi la mbao huruka na kutua kila mahali: juu ya meza, juu ya makopo ya vanishi, hata kwenye nyusi zake.

Seremala ana miaka kumi na moja bila pombe. Mtaa mzima unajua. Zamani alikuwa akipotea siku tatu, na mteja aliyekuja kuchukua kitanda aliondoka na mbao zake. Sasa kitanda kikiahidiwa Ijumaa, hupatikana Ijumaa.

Mkewe hushona nguo nyumbani. Saa saba humpelekea chakula. Siku moja alimkuta akifoka kwenye simu.

"Sitaki visingizio! Watu hawana nidhamu!"

Alikata simu, akafunua bakuli.

"Maharage tena?"

"Jana uliyasifu."

"Jana yalikuwa na chumvi."

Miezi hii ya karibuni mambo yalikuwa hivyo: kosa dogo, kelele kubwa. Watoto wakimsikia mlangoni, hukumbuka ghafla kwamba wana masomo ya kudurusu.

Mkewe alinyoosha mkono kwenye rafu kutafuta chumvi. Nyuma ya makopo ya vanishi aliona chupa ya pombe kali. Haikuwa imefunguliwa.

"Baba Watoto, hii nini?"

"Zawadi. Alinipa yule mteja wa kabati. Sijaionja. Angalia, kizibo hakijaguswa."

"Lini hiyo?"

"Ina miezi minne."

"Na hukuitupa?"

"Nimeiweka nijipime. Mtu wa miaka kumi na moja haogopi chupa."

Mkewe alipitisha kidole juu ya kopo la vanishi. Kilitoka na vumbi. Akakifuta kwenye kanga, akakipitisha juu ya chupa. Kilitoka safi.

"Kila kitu humu kina vumbi," alisema. "Chupa hii haina. Nani anaifuta?"

Seremala aliyatazama maharage.

"Mimi."

"Kila siku?"

"Kila asubuhi."

Mkewe aliketi kwenye rundo la mbao, akamshika mkono. Hakupaza sauti.

"Ulipokuwa ukinywa, nilikuogopa ukirudi. Sasa hunywi, na ninakuogopa kutwa. Mume wangu, sitaki kukupoteza mara ya pili. Mara ya kwanza nilikuwa na nguvu za kungoja. Sasa sina."

Jioni ile walikwenda wote wawili kwa jirani yao Muuguzi. Chupa ilikuwa ndani ya mfuko. Muuguzi anafanya kazi katika kituo cha afya. Kila Jumamosi alasiri huongoza pale kikundi cha watu walioacha pombe. Yeye mwenyewe ameiacha kwa miaka kumi na tisa.

"Karibu, shemeji mpotevu!" alisema. "Mwaka mzima hatujakuona kikundini. Nilidhani umehamia mwezini."

"Kazi nyingi, dada."

"Kazi? Au sifongo?"

Mkewe hakuelewa. Muuguzi akamweleza. "Kikundini kwetu, wenye miaka mingi ndio wanaoosha vikombe vya chai. Mumeo alipotimiza kumi, nilimkabidhi sifongo. Akanuna, akaenda zake."

"Niliona ni dharau," alisema Seremala. "Miaka kumi, halafu nimwoshee kikombe mtu aliyelewa jana?"

"Ndiyo. Mwenye siku mbili mikono inamtetemeka, atavunja vikombe vyangu. Na mwenye miaka mingi ana ugonjwa wake: anaanza kujiona bosi. Maji ya sabuni yanasaidia. Haya, niambie. Unasali?"

"Kila siku."

"Unaomba nini?"

"Namwomba Mungu awape wateja wangu akili. Awape watoto adabu. Ampe mke wangu subira."

"Na wewe?"

"Mimi? Mimi nimeshaacha pombe."

Mkewe alicheka mpaka akajifuta macho. Mwishowe Seremala naye akacheka, ingawa kwa shida.

"Sikiliza, shemeji," alisema Muuguzi. "Kuacha kunywa ni kufungua mlango. Wewe umesimama mlangoni miaka kumi na moja, unawapigia kelele walio ndani. Moyo nao una kazi yake. Kila jioni jiulize: leo nimemuumiza nani? Ukimpata, mwombe radhi leo leo. Msaidie mtu bila kutangaza. Omba na wewe ubadilishwe. Na hamu ikikujia, mwambie mtu. Hiyo chupa haikuwa kipimo. Ilikuwa mgeni wako wa siri, na ulikuwa unamhudumia."

Seremala alitoa chupa mfukoni. Akaimimina yote kwenye sinki, akafungulia bomba mpaka harufu ikaisha.

Jumamosi aliosha vikombe ishirini na mbili. Kando yake alisimama dereva aliyekuja kwa mara ya kwanza.

"Nakunywa kila siku, fundi," dereva alimnong'oneza. "Kesho naacha kabisa. Najifungia ndani."

"Usijifungie," alisema Seremala. "Anayekunywa kila siku akiacha ghafla peke yake anaweza kupata degedege, hata kufa. Mwone Muuguzi kwanza. Mimi nitakusubiri hapa nje."

Alimsubiri saa nzima. Hakumhubiria.

Nyumbani mabadiliko hayakuja kwa siku moja. Wiki ile ile Seremala alimfokea binti yake kwa sababu ya daftari lililopotea. Kabla ya chakula cha jioni alimfuata.

"Mwanangu, nimekukosea. Nisamehe."

Binti alimtazama kwa mashaka. "Baba, unaumwa?"

"Ndiyo. Ila natibiwa."

Miezi mitano ikapita. Mchana mmoja simu ya mkewe ililia. Alikuwa akishona mkono wa gauni.

"Mama Watoto," alisema Seremala. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Yule mteja wa kabati amepita. Anasema twende tukajipongeze. Nimekataa, ameondoka. Lakini nimeitamani pombe. Nimeitamani sana."

Katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwambia neno hilo. Mkewe aliacha sindano ndani ya kitambaa.

"Nakuja. Kaa hapo hapo."

Alimkuta ameketi sakafuni karibu na mlango ambao haujakamilika. Hakumhoji. Aliketi, akachukua msasa, akaanza kusugua upande mmoja wa mlango. Seremala alisugua upande wa pili.

"Unasugua kinyume na nyuzi za mbao," alisema Seremala hatimaye.

"Mlango ni wako. Nimekuja kusaidia, sikuja kufundishwa."

Seremala alicheka. Mabega yake yalishuka.

"Imepita?" mkewe aliuliza.

"Imepita."

"Na ikirudi kesho?"

"Nitakupigia tena."

"Basi piga mapema," alisema mkewe, akimpangusa vumbi usoni. "Nyumbani ni mbali, na mimi si kijana."