Manjano Yasiyofutika

Sogeeni, watoto. Sogeeni polepole, maana humu ndani kuna kichanga.

Kichanga huyu ni mdogo wake Zuwena. Ana siku tano tu duniani. Zuwena ana miaka sita, na anajiona mkubwa kuliko watu wote wa Wete.

Mama na kichanga wako chumbani. Pazia limefungwa, mlango umerudishwa.

"Hatoki mtu hapa mpaka arobaini," amesema Bibi Mize, bibi yake Zuwena.

Siku arobaini! Zuwena alihesabu vidole vya mikono. Akahesabu na vya miguu. Havikutosha.

Kila asubuhi Bibi alimsinga Mama, akimsugua mwili kwa manjano. Su, su, su. Chumba chote kilinukia.

Mto ulikuwa na manjano. Shuka ilikuwa na manjano. Hata paka alipita, akatoka na manjano mkiani.

Zuwena naye alikuwa na kazi yake. Kichanga akinyonya, yeye huimba:

"Nyonya, mdogo wangu, nyonya.
Ukue upesi tucheze."

Na kichanga hunyonya. Nyo, nyo, nyo.

Lakini siku hiyo ya tano, Zuwena aliimba, na kichanga akanyonya mara moja tu. Nyo. Kisha akalala.

Mama akamgusa shavu. Akamtekenya unyayo. Kichanga hakuamka.

"Mtoto mpole huyu," akasema Bibi, akafurahi. "Hana tabu na mtu."

Zuwena hakufurahi. Juzi kichanga alilia "Ngaa! Ngaa!" mpaka kuku wakakimbia. Leo kimya.

Akavuta pazia kidogo, amwone vizuri. Jua likaingia.

"Bibi, mbona mtoto wa manjano?"

"Si analala na mama yako? Manjano yamemgusa tu. Yatafutika."

Haya. Zuwena akachukua kitambaa cheupe, akakichovya kwenye maji ya vuguvugu. Akamfuta kichanga mguu. Fu, fu, fu.

Kitambaa kikabaki cheupe. Mguu ukabaki wa manjano.

Akamfuta kifua. Fu, fu, fu. Kitambaa cheupe vilevile!

Hapo kichanga akafumbua macho kidogo. Zuwena akainama, akatazama.

"Bibi! Na macho yake ya manjano! Ulimpaka machoni?"

"Mimi? Nimpake mtoto manjano machoni? Una nini wewe!"

Bibi akaja mbio. Akatazama jicho hili, akatazama na lile.

"Zuwena, mwite baba yako. Tunakwenda hospitali."

"Na arobaini, mama?" akauliza Mama.

"Arobaini itatungoja," akasema Bibi. Na ni yeye aliyeinama uvunguni kumtolea Mama viatu.

Baba akaita bajaji. Tuku, tuku, tuku! Ndani ya bajaji Zuwena akaimba kwa sauti ndogo:

"Nyonya, mdogo wangu, nyonya.
Ukue upesi tucheze."

Kichanga hakunyonya. Zuwena akaogopa sana. Akalia, akajifuta machozi kwa mtandio wa Bibi.

Hospitalini nesi alimpima kichanga joto. Akamtoa tone moja la damu kisiginoni.

"Manjano haya yametoka ndani ya mwili," akasema nesi. "Hayafutiki kwa kitambaa. Tutamlaza chini ya taa maalumu ya kuyaondoa."

"Sisi tulikuwa tunangoja arobaini," akasema Bibi.

"Mama apumzike arobaini yake, bibi. Lakini mtoto mchanga tunataka kumwona mapema, hata akiwa mzima. Siku ya tatu, na tena wiki ya pili. Na asiponyonya, au akiwa wa manjano, au akichemka mwili, au akipumua mbio, mleteni saa hiyo hiyo."

"Tumechelewa?" Sauti ya Bibi ilikuwa ndogo kabisa.

"Hapana, bibi. Mmewahi."

Bibi akamshika Zuwena mkono, akaubana. Hakuuachia kwa muda mrefu.

Kichanga akalazwa chini ya taa ya buluu. Alivaa nepi tu, na kitambaa cha kufunika macho. Mama akakaa naye, akimnyonyesha kila mara.

Siku ya kwanza ikapita. Siku ya pili ikapita. Nyumbani Zuwena hakutaka kucheza.

Siku ya tatu Baba akampeleka hospitali. Hata hawajafika mlangoni, wakasikia:

"Ngaa! Ngaa! NGAA!"

"Huyo wetu!" akapiga kelele Zuwena, akakimbia.

Macho ya kichanga yalikuwa meupe. Na njaa aliyokuwa nayo! Nyo, nyo, nyo, nyo, nyo! Zuwena hata hakupata nafasi ya kuimba.

Jioni hiyo wote walikuwa nyumbani. Zuwena alioga, akala, akapanda kitandani.

Akamsikia Bibi Mize dirishani, akimwita jirani ambaye binti yake kajifungua majuzi.

"We Riziki! Huyo mjukuu wako keshapelekwa hospitali?"

"Arobaini bado, Mize!"

"Mtoto haulizi arobaini! Kesho asubuhi nakuja kukuchukua mwenyewe. Uwe umeshavaa!"

Zuwena akacheka ndani ya mto. Akajifunika shuka, akalala fofofo.